Kitabu Nilichomwazima Mwihaki

Watu wa huku ziwani, Kisumu, husema kwamba mimi, Dishon Omolo, ni mnyenyekevu. Wanasema hivyo kwa sababu ya kiti. Katika ofisi ya ushirika wetu wa wavuvi, ukishuka kuelekea majini kutoka soko la Otonglo, kuna kiti cha mbao chenye mikono ambacho hakikaliwi na mtu. Mimi, meneja mzima, hukaa kwenye benchi la wageni na kuandika juu ya goti. Wakija maofisa wa serikali na kuuliza sababu, wazee wa kamati hujibu kabla sijafungua mdomo: "Huyu ni mtu ya heshima. Amekataa kukalia kiti ya marehemu mwenyekiti." Nami hutazama chini, na huko kutazama chini nako huhesabiwa kuwa unyenyekevu.

Ni uongo mtupu, na mzizi wake nimekaa nao miaka minane.

Agosti hii ya mwaka 1996 alinijia Maximilla, mwalimu mstaafu anayesimamia vijana kanisani kwetu. Maximilla haombi, hugawa kazi tu.

"Mzee Dishon, wewe umejijengea jina," alisema. "Hawa vijana wamemaliza shule, wanazunguka Kondele na vyeti mfukoni. Waandikie orodha ya vitabu. Vile vitabu ulisoma wewe mpaka ukafika hapa. Halafu Jumapili ya mwisho wa mwezi uje uwaeleze."

Nilikubali, kwa kuwa mtu mwenye jina la unyenyekevu hawezi kukataa. Nikachukua karatasi. Namba mbili nikaandika kamusi ya Kiingereza, hata kama imechakaa. Namba tatu, kitabu chochote cha kufundisha barua za ofisi. Namba nne, gazeti, lisomwe lote, hata lile la jana lililofungiwa sukari. Namba moja nilishindwa. Niliiacha wazi siku nne nzima. Kilichonifikisha hapa ni kitabu kimoja, na yule niliyemwazima.

Nilikinunua mwaka 1985 Kondele, kwa mtu aliyekuwa akitandaza vitabu vikuukuu juu ya gunia. Jalada lilikuwa limeng'oka pamoja na kurasa za mwanzo, kwa hiyo mpaka leo sijui kinaitwaje wala nani alikiandika. Kilikuwa cha Kiingereza cha ng'ambo, kimejaa ushauri wa jinsi mtu anavyopaswa kuvaa, kusalimia, kujieleza na kufanya wakubwa wamkumbuke. Nilikisoma na penseli mkononi. Palipofaa niliweka alama ya vema. Palipokuwa na upuuzi niligombana na mwandishi pembeni.

Ukurasa wa sabini na moja niligombana naye sana. Alisema kwamba katika mahojiano utaulizwa unajiona wapi miaka kumi ijayo. Basi tabasamu, onyesha kiti cha mkubwa anayekuhoji, umwambie: hapo. Atakupenda kwa sababu una njaa ya kazi. Nilicheka peke yangu. Kwetu kiti cha mzee ni chake mpaka afe, na hata akishafariki hukaa kitupu mpaka ukoo wake useme. Mtoto hakikalii hata kwa mchezo. Kumwambia mzee kwamba utakuja kukaa hapo ni kumwambia unangojea matanga yake. Niliandika pembeni, kwa kukandamiza penseli: "Si kwetu! Mzee akisikia hivi atajua unamchimbia kaburi."

Mwaka 1988 katika ofisi ya ushirika tulikuwa makarani wawili. Mimi nilikuwa wa barua. Wa pili alikuwa Mwihaki, binti wa Mathenge aliyeuza mablanketi na taa za mafuta pale Kondele. Mwihaki alizaliwa Kisumu. Dholuo, lugha yetu, alijifunzia sokoni, kwa hiyo alijua kubishania bei ya samaki hadi mwenye samaki acheke, lakini hakuwahi kukaa katika boma la mzee akaona nani anakaa wapi. Alikuwa na akili kuliko mimi. Naandika hivyo sasa bila kubana meno, lakini wakati ule nilikuwa siwezi. Kabla yake, malori ya kubeba mbuta, wale sangara wakubwa wa ziwani, yalikuja kwa fujo, yenye madereva wakali yakipakia kwanza na samaki wa wanyonge wakioza juani. Mwihaki alikata vipande vya bati, akaviandika namba, akampa kila dereva kipande chake anapofika. Mwezi ule ule uozo ukaisha. Akina mama wa samaki wakamwita Nyar Mabati, binti wa mabati, na Rosa, aliyekuwa na sauti kuliko wote ufukweni, alikuwa akimwimbia akipita.

Mimi sikuwahi kuimbiwa na mtu.

Oktoba mwaka ule kamati ilitangaza kazi ya meneja, na wa kuhojiwa tulikuwa sisi wawili. Kwangu ilikuwa kupanda cheo. Kwa Mwihaki ilikuwa zaidi ya hapo, na alinieleza mwenyewe. Baba yake alikuwa amechoka na biashara, alitaka kufunga duka na kurudi Nyeri mwezi wa kwanza.

"Amesema nikipata kazi ya kudumu nibaki," aliniambia. "Nikikosa, tunaenda wote. Dishon, mimi Nyeri nimefika mara mbili tu. Nitaenda kuwa mgeni kwetu."

Nilimhurumia, tena kwa dhati. Ndiyo maana nilipomwambia kwamba nina kitabu cha mambo ya kazi na nitamwazima, nilikuwa nasema kweli. Wema wangu ulidumu usiku mmoja. Kesho yake nilikuja nacho ofisini, na saa ya chakula cha mchana, Mwihaki akiwa nje na malori, nilikipitia kwanza. Nikafika ukurasa wa sabini na moja.

Nilikuwa na raba kwenye droo. Nilijiambia kwamba mwandiko wangu ni mbaya na kitabu cha kuazima mtu kinapaswa kuwa safi. Nikafuta maneno yale polepole, nikapuliza takataka za raba zikaanguka sakafuni, nikazisukuma kwa kiatu chini ya kabati. Alama nyingine zote nilizoweka kitabuni sikuzigusa. Hata siku ile niliona kwamba nimefuta mahali pamoja tu.

Jioni nilimpa Mwihaki, akakisoma kwa siku tatu kama mtu mwenye kiu. Siku ya tatu akaniletea kikiwa wazi mezani, kidole kikiwa kwenye ukurasa ule ule.

"Hii ya kiti unaonaje? Wazee watapenda?"

Ungekuwa wakati wa kujiokoa. Mlango ulikuwa wazi, na yeye mwenyewe ndiye aliyeufungua.

"Ni jibu ya mtu anajiamini," nilisema.

Mahojiano yalifanyika ofisini asubuhi ya Jumatano. Wazee walikuwa watano, na katikati yao alikaa mwenyekiti, Mzee Joram, kwenye kile kiti alichokuja nacho kutoka nyumbani. Miezi mitatu kabla alikuwa amemzika kaka yake mkubwa, na yeye mwenyewe alikuwa akitembea kwa fimbo kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Nilianza mimi. Waliponiuliza kuhusu miaka kumi nilijibu, "Nitakuwa pale ambapo nyinyi wazee mtaniweka," wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha nikatoka, nikakaa nje kwenye benchi. Kuta zilikuwa za mabati, kila neno lilisikika.

Mwihaki alinishinda. Aliwaeleza jinsi ya kupata barafu karibu, jinsi ya kuongea na wenye malori, akawachekesha kwa Dholuo chake cha sokoni. Mzee Dalmas, makamu wa mwenyekiti, alicheka hadi akakohoa. Nilijua kazi imekwenda. Nilijua pia kilichobaki, nikakaa pale nikikingojea, mikono katikati ya magoti.

"Sasa, nyathina," Mzee Joram alimwuliza kwa upole, akimwita mwanangu, "miaka kumi ikiisha tukuone wapi?"

"Hapo, Mzee," sauti yake ilikuwa na tabasamu. "Nitakuwa nimekaa hapo kwenye kiti yako."

Hakuna aliyecheka. Nilisikia fimbo ikianguka chini, na sikusikia mtu akiiokota.

"Na Mzee mwenyewe atakuwa wapi?" aliuliza Mzee Dalmas.

Mwihaki alidhani ni swali kama yale mengine. "Mimi nitakuwa nimejifunza kutoka kwake," alisema. Masikini, alijibu vizuri.

Mlango ulifunguliwa. Mzee Joram alitoka akishikiliwa na wawili, uso umemlegea, akapita mbele yangu bila kuniona. Hakurudi ofisini wiki mbili. Mchungaji aliletwa kukiombea kile kiti kabla Mzee hajakubali kukikalia tena. Pale pale mlangoni ningeweza kusema sentensi moja: Mzee, hayo ni ya kitabu cha wazungu, na kitabu ni changu, yeye hajui. Ingetosha. Wazee wetu wana hasira lakini si wajinga, wangelielewa hilo. Nilikuwa nayo mdomoni kabisa. Nikaimeza.

Mwihaki alitoka wa mwisho, akaketi kando yangu.

"Nimekosea wapi?"

"Hawa wazee ni wagumu," nilimjibu. "Huwezi jua."

Nilipewa kazi Ijumaa. Alikuwa wa kwanza kunipa mkono. Mwezi wa kwanza Mathenge alipakia mablanketi yaliyobaki kwenye lori, na Mwihaki akaja kuaga ufukweni. Rosa alilia waziwazi. Mwihaki alitaka kunirudishia kitabu, nikamwambia akae nacho, kitamsaidia huko aendako. Akanishukuru. Kusema kweli nilitaka kile kitabu kiende mbali nami.

Nilikuwa meneja mzuri wa kutosha. Niliendelea na vipande vya bati vya Mwihaki, na baada ya mwaka mmoja au miwili watu wakaanza kusema ni mpango wangu. Sikuwasahihisha. Mzee Joram alifariki mwaka 1994. Matanga yalipokwisha, ukoo wake ulisema kiti kibaki ofisini na anayeongoza kazi akikalie. Mzee Dalmas alikivuta akanionyesha: "Bwana Dishon, kaa." Nilisikia sauti ya Mwihaki ikisema hapo, Mzee, na nikajua kwamba nikikaa nitakuwa mimi ndiye niliyekuwa nakitaka siku zote. Nikasema, "Hapana, Baba. Mimi benchi inanitosha." Wazee wakatazamana kwa mshangao, na kabla ya jua kutua ufuo mzima ulikuwa na habari. Ndivyo nilivyopata jina.

Narudi kwenye orodha ya Maximilla. Siku ya tano, namba moja ikiwa bado wazi, gari dogo jeupe lilisimama nje. Akashuka mwanamke aliyevaa suti ya kijivu, nywele fupi, na mfuko wa karatasi mkononi. Nilimjua kwa mwendo.

"Idhi nade, Dishon?" alinisalimia kutoka mlangoni.

"Adhi maber," nilijibu, ingawa sikuwa mzima hata kidogo.

Alisema amekuja mjini kwa mkutano, sasa anasimamia magari ya kiwanda kimoja cha majani chai, na alitaka kuona ziwa kabla hajarudi. Mimi, kwa kuchanganyikiwa, nikamwonyesha kiti.

"Kaa, kaa."

Alikitazama, akatikisa kichwa. "Hapo siwezi. Rosa aliniandikia baadaye akanieleza." Akasogeza faili zangu, akaketi nami kwenye benchi, upande ule ule alioketi siku ile. Akatoa kitabu kwenye mfuko. Kilikuwa kimetiwa jalada jipya la karatasi ngumu. Alikifungua bila kutafuta.

Maneno yangu yalikuwepo. Yote. Si kwetu, mzee akisikia hivi atajua unamchimbia kaburi. Yalikuwa yameandikwa upya kwa wino wa bluu, herufi juu ya herufi, zikitetemeka.

"Tulikuwa kwa basi tunaenda," alisema. "Nilikaa dirishani. Jua likapiga hii karatasi kutoka upande, nikaona imebonyea. Nikachukua kalamu nikafuata ile mibonyeo. Barabara ilikuwa mbaya, ndiyo unaona mwandiko iko hivi. Nilitaka tu kujua imeandikwa nini." Akapitisha kidole juu ya wino. "Halafu nikajua ni wewe uliandika."

Sikuweza kuinua macho. Nilikuwa nimemngojea mtu huyu miaka minane, na sasa maneno yalikuwa yakinitoka yenyewe.

"Mwihaki, niliifuta mimi. Siku ile nilikupa. Saa ya chakula, wewe ukiwa nje na malori. Niliifuta ndiyo usione. Na uliponiuliza nikakudanganya. Nilijua utashinda."

Nilihisi kifua kikifunguka. Karibu nilie kwa raha ya kuutua mzigo ule. Ndipo nilipomtazama, nikaona uso wake umebadilika.

"Siku ile?" aliuliza.

"Siku ile ile."

Alifunga kitabu polepole. "Mimi nilikuwa nimejiambia uliifuta zamani," alisema. "Kwamba uliandika, ukafuta, ukasahau. Mtu anaweza kusahau. Nyeri nilikuwa sijui mtu, Dishon. Nilikuwa nakaa nafikiria Kisumu, na wewe ulikuwa rafiki yangu hapa. Nilichagua kuamini hivyo, na nilikuwa naamini kabisa. Hata leo nimekuja na kitabu nikifikiri tutacheka."

Nilisema nisamehe, na lilisikika dogo mno mle ndani.

"Sijui," alijibu kwa ukweli. "Labda. Si leo." Akakiweka kitabu juu ya faili zangu. "Hii ni yako."

Nje, Rosa alikuwa amekwisha kumwona, akapiga kelele ya Nyar Mabati hadi wanawake wakakimbia kutoka kwenye vichanja vya kuanikia omena, dagaa wa ziwani. Walimkumbatia, wakamvuta huku na huku. Nilitazama kwa dirisha. Alicheka nao wote, kisha akaingia garini bila kugeuka upande wangu.

Jioni ile niliandika namba moja: kitabu kisicho na jalada lake la mwanzo, kiko kwangu, ukurasa wa sabini na moja usomwe pamoja na yaliyoandikwa pembeni. Niliamua kwamba Jumapili nitasema yote na kulimaliza hilo jina langu hadharani.

Nilisema. Mbele ya vijana kama arobaini nilitaja raba, nikataja uongo wangu na ile sentensi niliyoimeza. Nilimtaja Mwihaki binti Mathenge kwa jina, nikasema namba za mabati zilikuwa zake na kazi ilikuwa yake. Nikasema sikatai kiti kwa heshima, nakikataa kwa sababu nakiogopa. Nilisimama nikingojea wanizomee. Nilitaka hivyo, kwa roho yangu yote.

Maximilla aliinuka akifuta macho.

"Mmesikia?" aliwaambia. "Nani mkubwa mwingine hapa Kisumu anaweza kusimama aseme makosa yake mbele ya watoto? Nani? Andikeni hiyo kwa daftari zenu. Hii ndiyo inaitwa unyenyekevu!"

Wakapiga makofi. Wa nyuma wakasimama, halafu wote. Kazi ya Mwihaki nilikuwa nimeichukua zamani, imani yake kwangu nikaivunja wiki ile, na sasa hata kuonewa kwake kulikuwa kunaniongezea jina. Niliinua mkono kuwanyamazisha. Wakadhani ninawapungia, wakapiga zaidi.